Jinsi ya kuwakumbuka marehemu wetu kwa simulizi na jiwe la kumbukumbu

Kila inapokaribia tarehe 21 Mei simu yangu hujaa maswali yaleyale. Jiwe linachongwa na nani? Tuandike majina tu, au na miaka? Bibi yetu anataka kusimulia lakini kila akianza analia, tufanyeje? Wengi wanaouliza ni wafiwa wa meli ya MV Bukoba na watoto wao. Siku hizi wanauliza pia wavuvi wa mialo, yaani fukwe za kupokelea samaki, waliopoteza wenzao ziwani, walimu, hata koo zinazotaka kuwakumbuka wazee wao waliozikwa kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya ukoo, ambavyo sasa vinauzwa. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Kwanza nieleze kwa nini naandika. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo na ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna mbalimbali, mara nyingi zaidi ya 800. Mama yangu mdogo alisafiri daraja la tatu. Hakuna karatasi ya safari ile yenye jina lake. Asiposimuliwa na sisi, hana mwingine wa kumtaja.

Kwa hiyo kabla ya yote nakuomba uukubali utaratibu huu: simulizi kwanza, jiwe mwisho. Karibu kila kamati niliyoisaidia ilitaka kuanza na fundi. Mnara unajengwa, marumaru inabandikwa, halafu watu wanakaa chini na kugundua hawajui waandike nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Watu watano hadi saba wa kamati. Awepo mzee anayezijua koo, kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na wanawake wasiopungua wawili. Msibani wanawake ndio waliokaa ndani na wafiwa, na wanayajua mambo ambayo sisi wanaume tuliokaa nje kwenye moto hatukuyasikia.
- Kauntabuku mbili: moja ya majina, nyingine ya simulizi. Usichanganye.
- Simu inayorekodi sauti vizuri, pamoja na pawabenki.
- Flashi mbili za kuhifadhia nakala. Zikae nyumba mbili tofauti.
- Bahasha za kaki kwa ajili ya picha za zamani, na penseli laini ya kuandika nyuma yake. Kalamu ya wino hupenya na kuonekana upande wa mbele.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ili msije mkadhaniwa mnakusanya michango.
- Muda. Miezi sita kabla ya siku yenyewe, pungufu ya hapo mtafanya haraka na mtakosea majina.

Pesa sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Mpaka hatua ya tano hamhitaji zaidi ya nauli na vocha.

Hatua ya 1: Waendee wafiwa

Msiba una wenyewe. Hata kama umepita miaka thelathini, nenda kwa miguu, mkiwa wawili, mkae, mpokee mtakachokaribishwa. Toa pole kama vile msiba ni wa juzi, kwa sababu kwa mama aliyempoteza mwanawe ni wa juzi.

Kisha omba ruhusa tatu, moja moja: ruhusa ya kuliandika jina kwenye daftari, ruhusa ya kusimulia habari zake, na ruhusa ya kuliweka jina mahali pa watu wote. Familia inaweza kukubali ya kwanza na ya pili na kukataa ya tatu. Andika walichokubali na walichokataa, na tarehe. Kwa watoto wa marehemu waliokuwa wadogo wakati ule, waulize wao wenyewe pia, siyo baba zao wadogo tu.

Jihadhari: usifungue kundi la WhatsApp kabla ya kumaliza hatua hii. Nimeona kundi lililofunguliwa kwa nia njema likajaa picha za maiti siku ya pili. Mama mmoja alimwona mwanawe humo, na hakutaka tena kusikia habari ya kumbukumbu.

Hatua ya 2: Tengeneza daftari la majina

Chora safu hizi: majina kamili, jina aliloitwa nyumbani, jina la utani, jina la baba na la mama, kwao ni wapi, umri au mwaka wa kuzaliwa, kazi yake, amezikwa wapi au hakupatikana, nani ametoa habari hizi.

Safu ngumu kuliko zote ni ya kwanza, hasa kwa wanawake. Mtaa mzima unamkumbuka Mama Fulani, muuza dagaa, lakini ukiuliza jina lake mwenyewe watu wanatazamana. Usimwandike kwa jina la mwanawe ukaona umemaliza. Nenda kwao alikozaliwa, kaka zake watakuambia. Tafuta kitabu cha ubatizo parokiani au usharikani, cheti cha madrasa, cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki ya mtoto wake, daftari la upatu. Mama mmoja tulilipata jina lake kwenye leso ya mezani aliyoidarizi akiwa msichana.

Jina likiwa na tahajia mbili, fuata aliyoitumia marehemu mwenyewe kama kuna mahali aliandika kwa mkono wake. Kama hakuna, wafiwa waamue, na waamue mbele ya watu wawili.

Kwa nini ninasisitiza majina hivi? Nenda Dar es Salaam ukalitazame sanamu la Askari katikati ya mji, lililozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka pande zote za sanamu hilo: hakuna jina hata moja. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa, na kikosi chao, Carrier Corps, kimeacha jina kwenye mtaa wa Kariakoo, lakini mjukuu anayemtafuta babu yake hapati pa kuweka kidole. Sisi tusirudie hilo.

Hatua ya 3: Kusanya simulizi

Hapa ndipo penye kazi. Tenga siku nyingi kwa hatua hii kuliko nyingine zote.

Nenda wakati ambao mwenyeji wako hana haraka, baada ya kutoka shamba au baada ya swala ya alasiri. Nendeni wawili: mmoja azungumze, mwingine aangalie simu na kuandika. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu juu ya kitambaa ili isinase mtikisiko wa meza, halafu isahau. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali, na nani anazungumza. Utashangaa jinsi sauti zinavyofanana baada ya mwaka mmoja.

Kosa kubwa la wanaoanza ni swali la kwanza. Wanauliza, "Alikufaje?" Msimulizi anafunga moyo, au anasimulia ajali kama alivyoisikia redioni, na ukimaliza nyumba kumi una simulizi kumi za meli moja na huna mtu hata mmoja. Anza na uhai. Mazungumzo yangu na bibi mmoja wa Muleba yalianza hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, kaa hapo kwenye mkeka."

"Pole sana na msiba, bibi. Tumekuja tumsikie binti yako. Alikuwa anapenda kupika nini?"

Bibi alinyamaza, akatabasamu. "Yule? Hakujua kupika. Ndizi zake zilikuwa ngumu siku zote. Alijua kuhesabu."

Kutoka hapo alizungumza saa nzima. Nilijua binti alivyokuwa akiwahesabia majirani pesa za kahawa msimu wa mauzo ili wasipunjwe, alivyomsomesha mdogo wake kwa pesa ya mikungu ya ndizi, na jinsi asubuhi ya safari alivyofunga kahawa za kutafuna kwenye majani makavu ya mgomba ampelekee shangazi yake Mwanza. Habari ya ajali ilikuja mwishoni, kwa sentensi mbili, na sikuuliza zaidi.

Maswali yanayofungua mazungumzo ni kama haya: Alicheka kwa sauti au kimyakimya? Alikuita nani? Aligombana na nani na wakapatana vipi? Alikuwa na nguo gani aliyoipenda? Alikuwa akisema neno gani mara kwa mara? Kitu chake gani kimebaki hapa nyumbani? Swali la mwisho ni zuri sana. Kikiletwa kitanga, redio ya mkulima, au khanga iliyokunjwa chini ya sanduku, msimulizi hahitaji swali lingine. Soma jina la khanga hiyo na uliandike.

Acha watu waseme lugha yao. Bibi wa Kihaya akisimulia kwa Kihaya, au mzee wa Ukerewe kwa Kikerewe, usimkatize aje kwenye Kiswahili. Rekodi kama ilivyo, tafsiri itafuata. Kuna mambo ya mapenzi na ya matani ambayo hayasemeki nje ya lugha ya nyumbani.

Kimya nacho ukiache. Msimulizi akinyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi na tano kabla ya kusema lolote. Mara nyingi kinachofuata ndicho alichokuwa anakitafuta. Akilia, usizime simu kwa haraka kama umekosea, na usimbembeleze kwa maneno mengi. Mpe maji, muulize kama anataka kupumzika au kuendelea, ufuate atakavyosema.

Usiwalazimishe walionusurika. Wapo waliookolewa mwaka 1996 ambao hawajawahi kusimulia hata kwa wake zao. Mwambie tu kwamba mlango uko wazi, umwachie namba yako. Mmoja alinipigia baada ya miaka miwili.

Na usiwatafute ndugu peke yao. Mwalimu wake, mshona nguo wake, aliyeimba naye kwaya, aliyeshindana naye sokoni, hao wana marehemu ambaye ndugu hawamjui.

Hatua ya 4: Andika

Sikiliza rekodi siku hiyohiyo au kesho yake, kabla hujasahau sura ya msimulizi. Andika kwanza kila kitu kwenye daftari la simulizi, halafu chagua maneno 60 hadi 100 kwa kila marehemu. Yanatosha kusomwa kwa dakika moja hadhirani.

Tazama tofauti. Hivi ndivyo kamati nyingi huandika mara ya kwanza: "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mkarimu, aliyependa watu wote na ambaye pengo lake halizibiki." Maneno hayo yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamtaji mtu yeyote. Sasa soma hii niliyomwandikia mama yangu mdogo: "Alikuwa na umri wa miaka 26. Alivuka ziwa kila mwezi na mikungu ya ndizi, akarudi na sabuni na madaftari. Alipiga mluzi, jambo ambalo bibi alilikataza, na sisi watoto tulijua amefika kabla hatujamwona. Alikuwa akiogopa maji. Safari hii aliahidi kuniletea viatu vya shule."

Sikuandika kwamba alikuwa mkarimu.

Kama unataka kuona jambo hili lilivyofanywa kwa uangalifu, yupo mwalimu Kigali. Kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari yaliyoko Gisozi, yaliyofunguliwa mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, kuna vyumba vya watoto. Chini ya picha ya mtoto wameandika chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake. Idadi ile kubwa hakuna moyo unaoweza kuibeba. Mtoto mmoja aliyependa kitu fulani, huyo unatoka naye mpaka nje.

Hatua ya 5: Wasomee wafiwa

Rudi kwenye kila nyumba na usome kwa sauti ulichoandika. Usitume kwa simu. Wakisema "hilo liondoe," ondoa, hata kama ndilo zuri kuliko yote. Ugomvi wa mirathi, mtoto wa nje, ugonjwa ambao familia haikuutangaza: hayo yakikufikia wakati wa kurekodi, yabaki kwenye rekodi tu au yafutwe, kadiri watakavyoamua wao.

Hatua ya 6: Chagueni mahali na umbo

Mahali pazuri ni pale ambapo watu hupita bila kupanga. Makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa wengi wa MV Bukoba, yana mnara, na ni mahali pa heshima, lakini ni pa kwenda kwa nia. Kisiwani Ukara walizikwa jirani na gati la Bwisya wengine wa wale waliokufa kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018. Anayeshuka kwenye kivuko anapita karibu nao. Nairobi, pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, pamefanywa bustani yenye ukuta wa majina, na watu wa ofisini huenda kukaa humo mchana. Napenda sana hilo la Nairobi, kwamba marehemu wanakaa na watu wanaopumzika.

Siyo lazima mnara. Ninyi mnaweza kuweka kibao kwenye ukuta wa zahanati, benchi la saruji mwaloni, kisima chenye majina, au mwembe wenye kibao chini yake. Kwa fedha kidogo ningechagua benchi.

Kwa wasiopatikana miili, ulizeni mila na dini za wafiwa kabla ya kupanga chochote. Wajaluo, kwa mfano, wana desturi ya kuzika tunda la mwegea badala ya mwili uliopotea, na familia iliyokwisha kufanya hivyo ina kaburi tayari. Familia nyingi za Kiislamu hazipendi kaburi lijengewe wala liwekwe picha. Kwa hiyo jiwe la pamoja likae mbali na makaburi, bila picha, na kila mtu ataweza kusimama mbele yake.

Ardhi ikiwa ya umma, pateni ruhusa kwa maandishi: serikali ya mtaa au kijiji, kisha mtendaji wa kata, kisha halmashauri. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Hatua ya 7: Maandishi na jiwe

Chagueni granaiti au marumaru iliyochongwa herufi za kuzama. Herufi za rangi juu ya bati hupauka kwa jua na mvua baada ya misimu michache. Kimo cha herufi kisipungue sentimita 2, mzee aweze kusoma akiwa amesimama. Jengeni msingi wa saruji unaoinuka sentimita 30 hivi, matope ya mvua yasiruke juu ya majina ya chini.

Pangeni majina kwa familia, siyo kwa alfabeti, ili mama na mwanawe wakae pamoja. Msiweke vyeo. Acheni nafasi tupu chini, mistari mitano au zaidi. Hata ule ukuta wa majina wa Gisozi haujakamilika, kwa sababu majina bado yanatafutwa.

Kabla fundi hajagusa jiwe:

- Mpeni karatasi iliyochapwa, siyo mwandiko wa mkono, siyo ujumbe wa simu.
- Watu wawili wasiohusika kuiandaa waisome herufi kwa herufi, wakianzia mwisho kwenda mwanzo. Ukisoma kawaida macho hurekebisha kosa bila kukuambia.
- Kila familia iweke sahihi pembeni ya jina lake.
- Fundi achore kwanza kwa chaki juu ya jiwe, mpige picha, mkague tena, ndipo achonge.

Nilishuhudia jiwe lililochongwa 1969 badala ya 1996. Fundi alikuwa mzuri, ila aliletewa tarehe kwa simu usiku, na aliyesoma alikuwa na haraka. Jiwe halina kifutio. Ilibidi familia zichange upya, na wazee wawili walifariki kabla jiwe la pili halijasimama.

Hatua ya 8: Siku ya kumbukumbu

Chagueni tarehe ile ile kila mwaka na msiihamishe kwa ajili ya mgeni rasmi. Songea hukusanyika kila tarehe 27 Februari kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Tarehe ndiyo inayowaita watu.

Ratiba fupi inayofaa: ukimya wa dakika moja, kusomwa kwa majina yote, simulizi tatu tu, dua na sala kwa zamu, maua, kisha chakula. Jina lisomwe na ndugu wa marehemu, mtoto ikiwezekana. Mfanyisheni mazoezi siku moja kabla. Simulizi tatu tofauti kila mwaka, hivyo hata wanaokuja kila mara watasikia mtu mpya. Kama kwenu bado yuko mpiga nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, mwiteni. Uhaya habari za watu wakubwa zilisikika kwa nanga kabla hazijaandikwa popote.

Hotuba ya mgeni rasmi ije baada ya majina, dakika tano. Mwambieni mapema kwa heshima.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: mkienda kutupa maua ziwani, kila mtu avae boya, na mtumbwi usizidishe watu hata mmoja. Nimewahi kuona watu wakijazana kwenye boti siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa kujazana. Nilikataa kupanda, nikakaa ufukweni na maua yangu.

Hatua ya 9: Utunzaji

Mtu mmoja awe na ufunguo na jukumu la kuosha jiwe kila mwezi kwa maji na sabuni ya kawaida, bila tindikali. Nakala moja ya madaftari ipelekeni shule ya karibu, nyingine maktaba ya mkoa. Hamisheni rekodi kwenye flashi mpya kila baada ya miaka michache.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Familia moja imekataa kabisa.* Msiandike jina. Msiandike hata "na wengineo" mkimaanisha yeye. Wakibadili mawazo, nafasi ipo.

*Simulizi mbili zinapingana.* Kaka anasema alikuwa anarudi masomoni, dada anasema alikuwa anakwenda kuolewa. Hifadhi zote mbili pamoja na majina ya wasimulizi. Hadharani someni lile ambalo wote wawili wanakubaliana: kwamba alivaa gauni jipya.

*Hakuna picha.* Msiazime ya ndugu anayefanana naye. Tumieni kitu chake, au mwandiko wake, au msiweke kitu.

*Mfadhili anataka jina lake juu ya jiwe.* Mpeni kibao chake kidogo kwenye uzio, au asomewe shukrani siku ya uzinduzi. Juu ya jiwe ni marehemu tu. Kamati iliyoshindwa kulisema hili naijua, na leo watoto wa pale wanaliita jiwe lile kwa jina la mfadhili.

*Pesa zimeisha katikati.* Simamisheni ujenzi, endeleeni na majina na simulizi. Someni majina chini ya mti kwenye tarehe yake. Kumbukumbu inakuwa imeshaanza.

*Msimulizi amebaki na majonzi siku nyingi baada ya kuzungumza.* Rudi kumjulia hali ndani ya wiki moja, bila simu ya kurekodi na bila daftari. Akiwa hapati usingizi wala hali chakula, mshirikisheni kiongozi wake wa dini na mhudumu wa afya wa kijiji.

*Vijana hawaji.* Wapeni kazi, siyo viti. Wanafunzi wa darasa la sita waliotumwa kila mmoja amhoji mzee mmoja walituletea majina manne ambayo kamati ya watu wazima haikuyapata kwa mwaka mzima.

*Jina limepatikana baada ya jiwe kukamilika.* Thibitisheni kwa njia ileile ya hatua ya pili, wasomeeni wafiwa, mwiteni fundi. Mwaka jana tuliongeza mistari miwili chini ya jiwe letu. Mmoja alikuwa mwanamke ambaye kila mtu alimjua kama Mama wa Mapacha. Mapacha wenyewe, sasa watu wazima, walikuja na cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa nailoni. Wakasimama pale fundi alipokuwa akichonga, wakiitaja herufi moja moja.